Somo kwa Watumishi: Kuandika Ripoti ya Tathmini kwa Lugha ya Kiingereza

Kila mwaka watumishi wa Serikali katika visiwa vya Unguja na Pemba hutumwa kufanya tathmini: ya kisima, ya skuli, ya kituo cha afya, ya ufukwe unaoliwa na bahari, au ya mashamba ya mwani. Kazi yote huko hufanyika kwa Kiswahili. Sheha hukaribisha wageni kwa Kiswahili, wananchi hueleza hali yao kwa Kiswahili, na mtumishi huandika katika daftari lake kwa Kiswahili. Lakini ripoti yenyewe, hasa pale mradi unapogharamiwa na mfadhili wa nje au taarifa inapopelekwa kwa wataalamu wa nchi nyengine, mara nyingi hutakiwa iandikwe kwa Kiingereza.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwananchi aliyetoa maelezo huenda hataweza kuisoma ripoti hiyo, wala kuisahihisha. Na yule atakayeisoma na kuitolea uamuzi huenda hajapata kufika katika shehia hiyo hata siku moja. Baina ya wawili hao yupo mtumishi mmoja na kalamu yake. Akikosea neno, kosa hilo halina wa kulirekebisha. Litageuka kuwa uamuzi, na uamuzi utawarudia wenyewe kijijini. Kwa hiyo kuandika ripoti ya tathmini kwa lugha ya kigeni ni kubeba amana ya watu.

Somo hili limekusudiwa kuwasaidia watumishi wanaojifunza kazi hiyo, na wananchi wanaotaka kufahamu namna maelezo yao yanavyofikishwa mbele. Mfano utakaotumika ni wa mashamba ya mwani. Kilimo cha biashara cha zao hilo kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wakulima wake ni wanawake.

1. NENO MOJA LA KISWAHILI, MANENO KADHAA YA KIINGEREZA

Mtumishi anayeanza kuandika hukutana kwanza na tatizo la maneno. Neno “tathmini” hubeba kazi ambazo Kiingereza huzitenga. “Assessment” ni kupima hali ilivyo, mara nyingi kabla ya kuanza jambo au likiwa katikati. “Evaluation” ni kupima mradi unaoendelea au uliokwisha kwa kuulinganisha na malengo yake. “Appraisal” hutumika zaidi katika kupima pendekezo la mradi kabla halijaidhinishwa, na pia katika kupima utendaji wa mtumishi kazini. Ni vyema mwandishi aisome barua iliyomtuma, ajue ametakiwa kufanya ipi kati ya hizo, kisha atumie neno hilo hilo kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho.

Neno “ufanisi” lina hatari zaidi. Kiingereza kina “effectiveness”, yaani kulifikia lengo, na “efficiency”, yaani kulifikia bila ya kupoteza fedha, muda wala nguvu. Tuseme mradi ulikusudia kuwapatia kamba wakulima 50. Wote 50 wamezipata, lakini kwa gharama maradufu ya ile iliyokadiriwa. Mradi huo umefaulu kwa kipimo cha kwanza na umeshindwa kwa kipimo cha pili. Mwenye kuandika kwa Kiswahili kwamba “mradi ulikuwa na ufanisi” hajasema ni kwa kipimo gani, na mwenye kuitafsiri sentensi hiyo atabahatisha.

Vipimo hivyo viwili vimo katika orodha inayotumiwa sana na wafadhili. Mwaka 1991 Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD iliweka vigezo vitano vya kutathmini misaada: kufaa kwa haja za watu, kufikia lengo, matumizi bora ya rasilimali, athari, na kudumu kwa manufaa. Mwaka 2019 kiliongezwa cha sita, nacho ni kuwiana kwa mradi na shughuli nyengine zinazoendelea mahali hapo.

Neno “matokeo” nalo ligawanywe. Kamba 50 zilizogawiwa ni “outputs”, yaani vitu vilivyotolewa. Mavuno yakiongezeka kwa sababu ya kamba hizo, ongezeko hilo ni “outcome”, yaani mabadiliko yaliyofuata. Ripoti nyingi husifu vitu vilivyogawiwa zikadhani zimeeleza mabadiliko.

Hali kadhalika neno “athari”. Masikioni mwa Mswahili neno hili huelekea kwenye madhara. “Aliyeathirika” ni aliyepatwa na shari. “Impact” ya Kiingereza yaweza kuwa njema au mbaya. Mwandishi hana budi kuonesha ni ipi.

2. SEHEMU ZA RIPOTI

Ripoti ya kawaida huwa na muhtasari, utangulizi, maelezo ya namna kazi ilivyofanyika, mambo yaliyobainika, hitimisho, mapendekezo na viambatanisho. Mpangilio huu unafahamika na wengi, na haufai kupotezewa muda. Mambo mawili tu yanahitaji kukumbushwa.

Kwanza, muhtasari husomwa mwanzo lakini huandikwa mwisho. Wakubwa wengi husoma ukurasa huo peke yake. Jambo kubwa lisilokuwemo humo ni kama halikuandikwa.

Pili, kila pendekezo lipewe nambari na litaje nani atafanya, atafanya nini, na kwa muda gani. Pendekezo lisemalo kwamba “hatua zinazofaa zichukuliwe” halimtumi mtu yeyote.

3. MAMBO MATATU YASIYOFAA KUCHANGANYWA

Kiini cha ripoti ya tathmini ni sehemu ya mambo yaliyobainika. Humo mna mambo ya aina tatu: yaliyoonekana na watathmini wenyewe, yaliyosemwa na watu, na yale ambayo watathmini wameyaamua baada ya kuona na kusikia. Ripoti mbovu huyatia yote katika chungu kimoja.

Chombo kinachoyachanganya zaidi ni ile sentensi isiyo na mtendaji. Kiswahili cha afisini kinapenda kusema “imeonekana”, “imebainika”, “inasemekana”, na mwandishi huhamisha mtindo huo kwa kuandika “it was observed that” kila mahali. Msomaji hajui ni nani aliyeona. Ni bora kuandika “the team saw” kwa kilichoonekana na watathmini, “the farmers said” kwa kilichosemwa na wakulima, na “the team concludes” kwa hukumu ya watathmini. Sentensi hizi ni nyepesi, na hakuna aibu katika wepesi huo. Kiingereza cha ripoti hakipimwi kwa urefu wa maneno.

Katika kuripoti maneno ya watu, neno “kudai” liangaliwe. Kamusi hulipa maana ya “claim”, na mtumishi huandika kwamba mkulima “claimed” jambo fulani akidhani ameandika “alisema”. Kwa Kiingereza neno hilo hutia shaka. Huonesha kuwa mwandishi haamini alichoambiwa. Neno “alleged” lina shaka kubwa zaidi, nalo hutumika sana katika habari za mashtaka. Mama aliyeeleza kwa ukweli kwamba mwani wake umeharibika hafai kuandikwa kama mtuhumiwa. Neno “said” linatosha.

Aidha, maneno “wengi”, “baadhi” na “wachache” yaandikwe kwa tarakimu kila inapowezekana. “Wakulima 14 kati ya 20” ni habari. “Wakulima wengi” ni dhana tu.

4. MITEGO YA LUGHA

(a) Mwanamke na mwanamme. Kiswahili hakitenganishi. “Yeye”, “mkulima” na “mvuvi” ni mmoja kwa wote. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi kuchagua “he” au “she”, na wengi huandika “he” kwa mazoea. Hivyo ripoti nzima ya kilimo cha mwani, kazi ambayo wengi wa wafanyaji wake ni wanawake, huweza kusomeka kana kwamba shamba ni la wanaume. Msaada nao utafuata njia hiyo hiyo: mafunzo yataitishwa kwa wanaume, na saa za mkutano zitawekwa bila ya kujali kazi za nyumbani. Idadi ya wanawake na wanaume itajwe mwanzoni, na kiwakilishi sahihi kifuatwe.

(b) Nyakati za vitendo. “Mwani hufa wakati wa joto” na “mwani ulikufa wakati wa joto” ni habari mbili tafauti. Ya kwanza ni ya kila mwaka, na dawa yake ni kubadilisha mahali au namna ya kulima. Ya pili ni msiba wa mara moja, na dawa yake yaweza kuwa mbegu tu. Kwa Kiingereza tafauti hiyo imo baina ya “dies” na “died”. Herufi moja ya mwisho yaweza kuamua aina ya msaada utakaoletwa.

(c) Saa, siku na tarehe. Saa tatu asubuhi ni “9 a.m.”; saa kumi na mbili jioni ni “6 p.m.” Kosa hapa ni la kawaida kwa sababu daftari limeandikwa kwa saa za Kiswahili. Pia, kwa hesabu ya wenyeji siku huanza kwa kuzama jua, kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” kwa wazee ni usiku ambao Kiingereza huuita wa Alkhamisi. Mwenye kuhoji aulize mpaka apate uhakika. Ama tarehe, mwezi uandikwe kwa jina, maana 3/4 kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Laki tatu iandikwe 300,000.

(d) Bahari na majira. Bamvua kwa Kiingereza ni “spring tide”, na maji mafu ni “neap tide”. Mtumishi akiliacha neno “tide” na kuandika kwamba wakulima huenda shambani “in spring”, msomaji wa Ulaya atafahamu kuwa huenda katika miezi ya Machi mpaka Mei. Hali ya kweli ni kuwa bamvua huja mara mbili katika kila mwezi wa kuandama, baada ya mwezi mchanga na baada ya mwezi mpevu. Hili linagusa hata safari ya watathmini: wakifika siku za maji mafu, maji hayatoki sana, mashamba yaweza kubakia yamefunikwa, na ripoti itakuwa ya masikio bila ya macho. Vuli na masika nazo zisipewe majina ya majira ya Ulaya, ingawa kamusi nyengine hufanya hivyo. Ni salama zaidi kuandika “the short rains” na “the long rains” na kutaja miezi.

(e) Jina la kitu chenyewe. Neno “mwani” likitafsiriwa “seaweed” peke yake linaficha jambo kubwa. Wakulima wa Zanzibar wamelima aina mbili zaidi, zijulikanazo kibiashara kwa majina ya spinosum na cottonii. Cottonii ina bei kubwa zaidi, lakini haistahamili joto la maji kama mwenziwe, na imekufa katika sehemu nyingi ilikopandwa. Ripoti isiyotaja aina haiwezi kumsaidia mwenye kuamua.

(f) Lazima, inafaa, huenda. Katika maandishi rasmi “must” ni lazima, na “should” ni ushauri. “May” ina maana mbili, ruhusa na uwezekano, na inaweza kumchanganya msomaji. Kwa uwezekano ni bora kutumia “might”. Mtathmini hutoa ushauri. Hana mamlaka ya kuamrisha. Kwa hiyo mapendekezo yake huandikwa kwa “should”. “Must” iachiwe jambo lililowekwa na sheria.

5. MFANO

Aya mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya somo. Ya kwanza ina makosa mengi yaliyotajwa:

“It was observed that the farmers are facing many challenges. The farmer claimed that he is affected by climate and the seaweed died. They go to the farm in spring. Appropriate measures must be taken.”

Aya hii haitaji idadi, aina ya mwani, tarehe, wala mtu wa kuchukua hatua. Aidha, imewageuza wanawake kuwa wanaume na imetia shaka maneno yao. Aya ya pili inaeleza ziara hiyo hiyo:

“The team visited the farm on 13 February 2025, during the spring tide, from 9.30 a.m. to 12 noon. Twenty farmers were present: 18 women and 2 men. The team examined 50 lines of cottonii. On 31 of them the seaweed had turned white and was breaking off. The women said that this happens every year in the hot months, from December to March. The team did not measure the temperature of the water, and cannot say whether heat is the cause. The Ministry should send an officer to measure it before the next planting.”

Kwa Kiswahili aya hii inasema hivi: watathmini walifika shambani tarehe 13 Februari 2025, wakati wa bamvua, kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa sita mchana. Walikuwepo wakulima 20, wanawake 18 na wanaume 2. Zilikaguliwa kamba 50 za cottonii, na katika kamba 31 mwani ulikuwa umegeuka mweupe na unakatika. Wanawake walisema kwamba hali hii hutokea kila mwaka katika miezi ya joto, Disemba mpaka Machi. Watathmini hawakupima joto la maji, na hawawezi kusema kama joto ndilo sababu. Wizara impeleke afisa akalipime kabla ya kupanda tena.

Sentensi iliyo bora kuliko zote hapo ni ile inayokiri jambo lisilofanyika. Mwani unaogeuka mweupe una ugonjwa unaojulikana kwa jina lake la Kiingereza, “ice-ice”, na ingekuwa rahisi kuliandika jina hilo ili ripoti ionekane ya kitaalamu. Lakini aliyeona weupe ameona weupe tu. Kutaja ugonjwa na sababu yake bila ya kupima ni kumkabidhi msomaji uhakika ambao mwandishi hanao.

6. KUIRUDISHA RIPOTI KWA WENYEWE

Wengi huandika ripoti yote kwa Kiswahili kisha wakaifasiri neno kwa neno. Njia hiyo huzaa Kiingereza kizito chenye sentensi ndefu. Njia bora ni kuorodhesha kwa Kiswahili mambo yaliyobainika, kila moja katika mstari wake, pamoja na nani aliyeliona au kulisema. Kisha kila mstari uandikwe kwa sentensi moja fupi ya Kiingereza.

Baada ya hapo ripoti ifanyiwe mtihani mmoja ambao hauhitaji mwalimu wa lugha. Mtumishi aichukue sehemu ya mambo yaliyobainika, arudi kwa sheha na waliohojiwa, awasomee kwa Kiswahili akifasiri kutoka kwenye Kiingereza chake mwenyewe. Wakisema “ndivyo tulivyokwambia”, ripoti iko tayari. Wakishangaa, kuna neno limepotea njiani. Na kama mwandishi mwenyewe hawezi kuifasiri sentensi yake kwa Kiswahili cha kawaida, basi hakuifahamu alipoiandika.

Desturi ya kuwafahamisha wananchi ina nafasi hata katika sheria. Zanzibar iliweka utaratibu wa tathmini ya athari za mazingira kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1996, ambayo baadaye ilifuatiwa na Sheria Namba 3 ya mwaka 2015. Upande wa Tanzania Bara, kanuni za tathmini hizo za mwaka 2005 zilitaka kuwepo muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hata pale ambapo hakuna sheria inayolazimisha, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoachwa kwa sheha ni gharama ndogo, nao huwawezesha watu kujua kilichoandikwa kwa jina lao.

ZOEZI

Sentensi zifuatazo ziandikwe kwa Kiingereza cha ripoti. Penye upungufu wa habari, mwandishi aeleze kinachokosekana kabla ya kufasiri.

1. Mkulima alidai kwamba yeye hupoteza mwani kila kaskazi.
2. Watu wengi hawakuhudhuria mkutano wa saa nne asubuhi.
3. Mradi ulikuwa na ufanisi mkubwa.
4. Inapendekezwa hatua zichukuliwe haraka kuhusu njia ya kushukia pwani.

MAJIBU

1. Inakosekana jinsia ya mkulima. Ikiwa ni mwanamke: “The farmer said that she loses seaweed every year in the hot months, from December to March.”
2. Inakosekana idadi. Ikiwa waliitwa 40 na wakafika 14: “Of the 40 people invited, 26 did not attend the meeting at 10 a.m.”
3. Haifasiriki mpaka ijulikane kama lengo lilifikiwa, au gharama ilikuwa ndogo, au yote mawili.
4. Anakosekana mtendaji na muda. Kwa mfano: “The District Office should repair the path to the beach within three months of this report.”

Mwenye kupata majibu haya kwa maneno mengine hakukosea, maadamu msomaji wa mbali atajua nani alisema, nani aliona, na nani anatakiwa kufanya nini. Watumishi wanashauriwa kulifanya zoezi hili wawili wawili: mmoja aandike kwa Kiingereza, mwengine arudishe kwa Kiswahili bila ya kuiona sentensi ya mwanzo, kisha zilinganishwe.